Tunaikala

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili msomaji asidhani anaongozwa na shujaa. Kule Mulongo, kabla ya vita, safari yangu ndefu ya wiki ilikuwa kutoka kitini mpaka jikoni, na hata hiyo nilikuwa napumzika njiani. Sokoni nilimtuma binti yangu mkubwa, mtoni nikamtuma mdogo. Mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu, alizoea kuwaambia watu kwamba alioa mke pamoja na kiti, na kwamba miaka yote ile hajaona bado mahali kimoja kinapoishia na kingine kinapoanza.

Kwa hiyo, vita vilipofika upande wetu, mtu wa mwisho aliyestahili kuitwa mkimbizi alikuwa mimi. Neno lenyewe limetoka katika kukimbia, na mimi sikuwa nimekimbia tangu sekondari, tena siku ile nilikuwa nafukuzwa na nyuki. Tuliondoka kwa mtumbwi. Nilikaa. Tulipandisha mto Lualaba mpaka Bukama, wanaume wakisukuma pondo, mimi nimekaa katikati kama gunia ambalo mwenyewe hajulikani. Bukama tukaingia katika behewa la mizigo, juu ya makaa, nikakaa tena mpaka Kamina. Wenzangu walivikimbia vita kwa miguu, vichwani wamebeba masufuria. Mimi nilivikimbia nimekaa, na bado nilifika nimechoka kuliko wote.

Mume wangu alibaki nyuma kufunga nyumba. Alisema atakuja na mtumbwi unaofuata. Mitumbwi iliyofuata ilileta watu wengine. Sitaongeza neno hapo. Kila mwanamke tuliyekuwa naye alikuwa na mtumbwi wake unaofuata, na tulikubaliana bila kusema kwamba hatutashindana.

Tulipewa hanga moja kuukuu karibu na reli, bohari la mabati ambalo zamani lilihifadhi mbolea. Humo ndimo nilimopata yaya, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Hakuwa dada yangu wa kuzaliwa. Alikuwa mjane wa mvuvi kutoka mto wetu huohuo, na nilimwita yaya kwa sababu alinizidi umri, na baada ya wiki moja kwa sababu alinizidi kila kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha mkato. Akikasirika alihamia Kiluba bila kuaga.

Kanisa la mtaa lilitupokea vizuri, sitalisema vibaya. Kila Jumapili, baada ya matangazo, Pasta alisema, "Bageni basimame tubasalimie." Ni desturi nzuri. Mgeni anasimama, kwaya inampigia wimbo wake, watu wanamgeukia na kumpungia mkono, kisha anaketi akiwa amepashwa moto moyoni. Jumapili ya kwanza nililia. Jumapili ya pili nilitabasamu. Baada ya hapo mvua zilikuja, zikaisha, mahindi ya watu yakavunwa, na sisi bado tunasimama kila Jumapili, tunapungiwa mikono na watu ambao jana yake tulikutana nao bombani. Kwa mtu anayependa kukaa, ile ilikuwa adhabu.

Aliyesimamia ugeni wetu alikuwa Mama Prezida, mkuu wa komite ya akina mama wa kanisa, mke wa karani wa reli. Kitenge chake kilipigwa wanga mpaka akipita unasikia sauti ya karatasi. Kila wiki aliongoza akina mama mpaka hanga na ndoo za unga wa mahindi, akatuombea, akatuhesabu, akaondoka. Alikuwa mwema. Tatizo la wema wake ni kwamba ulikuwa na mlango mmoja, na yeye peke yake ndiye alikuwa na ufunguo.

Sisi tulikuwa na mpango wetu. Nje ya mji kulikuwa na familia za wakulima wa tangu zamani, Wakatoliki, watu wa jembe, na walihitaji mikono ya kupalilia. Tulipalilia. Nasema "tulipalilia", lakini wenzangu watakaosoma hapa watacheka, basi niseme kwamba wao walipalilia na mimi niliwahimiza. Malipo yalikuwa mihogo mibichi, vikapu vimejaa. Na muhogo ukishachimbwa haungoji mtu. Usipoutia majini haraka, unaota mistari ya buluu ndani kama mishipa ya mzee, na ni wa kutupa. Ukiuloweka mpaka ulainike, ukaukausha, ukautwanga, una unga wa kula na wa kuuza. Tulijaribu kuuloweka katika mapipa ndani ya hanga. Hanga likanuka kiasi kwamba hata panya waliomba uhamisho, na muhogo wenyewe ukaoza, kwa sababu maji ya pipa ni maji yaliyokufa.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na bonde dogo, mali ya kanisa. Kijito kilipita taratibu katikati ya matete, na kando yake majani tu, hapalimwi, hapafugwi. Yaya aliliona siku moja tukitoka ibadani. Alisimama, akalitazama jinsi wanawake wengine wanavyotazama kitambaa dukani.

"Haya maji iko hai," akasema.

Basi tulikwenda nyumbani kwa Mama Prezida, yaya na mimi. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye mwanzo, kati na mwisho, kama tulivyofundishwa shuleni. Tulipewa chai. Tuliulizwa usingizi wetu ulikuwaje.

"Tulilala," akasema yaya, na kabla sijafungua mdomo akaendelea, "Tunatafuta maji ya mu bonde ya kanisa. Ya kulowekea mihogo."

Hotuba yangu ikafa na mwanzo wake.

"Mihogo?" Mama Prezida aliweka kikombe chini, akataka sababu. "Juu ya nini? Bunga hatubaletee?"

"Munatuletea, mama," nikasema. "Tunashukuru. Lakini tunapenda tukule ya mikono yetu."

"Aa, mupumuzike. Mugeni hatumikake. Batu batasema nini, bakiona bageni betu banasimama mu matope? Ni siye njo tutapata haya."

"Lakini mama, inasemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Alinitazama kwa huruma. "Iyo ni ya mu kitabu ya masomo. Mu kitabu banasemaka mambo mingi. Mu kitabu treni inafikaka ku saa yake."

Treni ilikuwa haijaonekana kwa muda mrefu, na kila mtu Kamina, hata mume wake, alikuwa amezoea kutazama reli kama mtu anavyotazama barua isiyokuja.

"Tena ile harufu," akamalizia. "Itapanda mpaka mu kanisa. Vita itaisha, beye mutarudia kwenu, siye tutabakia na harufu."

Tulipofika relini yaya alinigeukia.

"Mu yote alisema, moja ni ukweli," akasema. "Ile ya treni."

Jioni ile, chakula kikiwa motoni, tulizungumza wote hangani. Ilikuwa wazi kwetu kitu kinachotufunga. Hakuwa Mama Prezida. Ilikuwa ile Jumapili. Mgeni haombi bonde. Mgeni anapewa ndoo, anashukuru, anasimama akiambiwa asimame. Na kama tungeendelea hivyo, mihogo ingeoza kila wiki, na sisi tungezeeka tukipungiwa mikono.

"Basi tusisimame," nikasema.

Wote walinigeukia. Nadhani walishangaa kwamba mimi, ambaye sina kazi ninayoiweza, nimetaja hatimaye kazi iliyo ndani ya uwezo wangu.

"Weye utaanza," akasema yaya. "Weye unajua sana kuikala."

Jumapili ikafika. Matangazo yakaisha. Pasta, mzee wa sauti ndogo na miwani iliyofungwa kwa uzi, akasema, "Bageni basimame tubasalimie."

Hatukusimama.

Ngoma ilikuwa imeshaanza, na kwaya ikaingia na wimbo wa wageni kama kawaida. Kisha wakaona hakuna wa kumwimbia. Sauti moja ikanyamaza, ikafuata nyingine, mpaka akabaki mzee mmoja wa besi, mgumu wa masikio, akitukaribisha peke yake mpaka mwisho wa ubeti. Nilikuwa nimeshikilia benchi kwa mikono miwili. Magoti yangu, ambayo kwa miaka mingi yalikataa kusimama hata nikiyabembeleza, siku ile ndiyo yalitaka kusimama. Binti yangu mkubwa alinikanyaga mguu ili yatulie.

"Bamama ba mu hanga," akasema Pasta, "hamukusikia?"

"Tulisikia, Pasta," nikajibu.

"Sasa juu ya nini munaikala?"

"Njo vile, Pasta. Tunaikala."

"Naona munaikala. Nauliza juu ya nini."

"Tunaikala Kamina."

Kwa wasomaji wa mbali nieleze. Katika Kiswahili cha kwetu, kuikala ni kuketi kwenye benchi, na kuikala ni kuishi mahali. Mtu akikuuliza unaikala wapi, hataki kujua habari za kiti chako. Kwenye mabenchi ya wanaume alianza mmoja kucheka, puani, kisha wa pili. Mama Prezida alikuwa amegeuka mwili mzima, na wanga wake ukalia.

Pasta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nadhani alitaka tu ibada iendelee, jua lilikuwa limeshapanda.

"Basi," akasema, "muikale."

Alikuwa ametoa ruhusa mbele ya kanisa zima, na hakusema ni ya ipi kati ya zile mbili.

Tuliimba kwa nguvu siku ile. Lakini wiki ile unga haukuja. Nani apelekee unga watu ambao si wageni? Siku ya kwanza tulijisifu. Siku zilizofuata watoto walianza kuuliza, na hanga likanigeukia.

"Mama ya kuikala," akaniambia jirani yangu wa mkeka, "leo tutakula kiti?"

"Kiti ya mbao inakawia kuiva," nikajibu. Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Vikapu vya mihogo vilikuwa mlangoni, vimeletwa asubuhi ile. Yaya aliuvunja mmoja, akatazama ndani. Ulikuwa mweupe bado. Akauweka chini, akachukua panga.

"Pasta alisema muikale," akasema. "Hakusema fasi gani, hakusema wapi."

Tukashuka bondeni, wanawake wote wa hanga, mchana kweupe, tukipita mbele ya kanisa na mbele ya nyumba ya Pasta, vikapu kichwani. Tulifyeka matete. Wenzangu walichimba vidimbwi pembeni mwa kijito, maji yakiingia huku na kutoka kule, wakapanga mihogo na kuikandamiza kwa mawe. Mimi niliingia kusaidia, nikateleza, nikakaa ndani ya matope mpaka kiunoni. Yaya alisema tangu tufike Kamina hajaona mtu akipata makao haraka hivyo.

Nilikuwa bado humo ndani Mama Prezida alipofika.

"Munafanya nini?"

"Tunaloweka, mama," nikasema kutoka chini.

"Nilikatala."

"Ulikatalia bageni."

"Na beye muko banani?"

"Uliza Pasta. Alituambia mbele ya batu bote."

Alimwita Pasta kweli. Alikuja polepole, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akasimama ukingoni, akatutazama. Mama Prezida akamweleza habari za harufu, za heshima ya kanisa, za watu wanaoombewa kisha wanageuka. Yaya akamweleza kwa Kiluba, kwa maneno machache, na sitayatafsiri, isipokuwa niseme kwamba yalihusu watoto na tumbo.

Pasta alikohoa. "Bonde iko mu mikono ya komite ya bamama. Minyi sina na sauti pale. Siku ya posho mutakutana, mutaamua." Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu.

"Na nani atanyoosha mukono?" akauliza Mama Prezida.

"Bamama bote benye kuikala mu parokia," akasema Pasta, kisha akajisikia mwenyewe, akafunga mdomo, akavaa kiatu kimoja.

Mihogo ikabaki majini mpaka Jumamosi. Kama komite ingekataa, tungeitoa na kuifukia, na tungerudi kusimama. Hilo sote tulilijua.

Ilibidi mtu ailinde, kwa sababu ya mbuzi. Kazi ya kukaa mahali pamoja kutwa nzima bila kufanya kitu: hapakuwa na mashindano. Nilikaa kando ya njia inayoshuka bombani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kila mwanamke wa mji aliyepita na chombo chake nilimsalimu. Kukaa nyumbani miaka yote ile kulinifundisha kitu kimoja, kwamba mpita njia akiulizwa hali ya mama mkwe wake, atasimama.

Wa kwanza kusimama alikuwa mke wa mwalimu wa shule ya jirani. Alisimama mbali, kitenge puani.

"Inanuka," akasema.

"Inanuka sana," nikakubali. "Mama mukwe yako iko muzima?"

"Ni muzima. Njo ananiuliza kila siku tutakula nini." Akasogea hatua. Mahindi yalikuwa yamepotea sokoni tangu treni iache kuja, na mwalimu alikuwa akifundisha kwa ahadi. Shamba la baba yake lilikuwa na mihogo imesimama, alisema, lakini kwao waliila ya kuchemsha tu, ile tamu. Ile chungu waliiogopa kwa sumu yake, hawakujua kwamba maji huitoa.

"Nani alikuambia uogope?" nikamuuliza. "Chungu njo muzuri. Bezi hawaibake chungu."

Alicheka ndani ya kitenge. Kesho yake alikuja na kikapu kichwani na shemeji yake nyuma. Yaya akawatia majini bila hotuba. Alimshika mke wa mwalimu mikono, akaibonyeza juu ya muhogo ili ajue ugumu wa leo, na kumwambia arudi kuubonyeza tena kila siku mpaka uachie wenyewe. Wakaja wengine. Mmoja alikuwa fundi cherehani asiye na kitambaa cha kushona, mwingine aliuza mafuta ya taa mpaka mafuta yakaisha mjini. Walikuja wakisema wanapita tu. Nilikuwa nawaambia wote neno moja, waikale kidogo, na walipoinuka ilikuwa kwenda kuchimba kidimbwi chao.

Kuna mmoja aliyeuliza kama hatuoni haya, watu wa mbali, kuwafundisha wenye mji kula. Yaya alimjibu kwamba haya ilibaki Mulongo, ilikosa nafasi mtumbwini.

Asubuhi ya siku ya posho, mihogo yetu ya kwanza ilikuwa tayari. Tuliitoa yote, tukaimenya, tukaivunja, tukaianika juu ya mabati na mawe. Kazi iliisha saa yenyewe ya mkutano, hatukupata nafasi ya kunawa vizuri. Na ukweli ni kwamba ile harufu haitoki kwa kunawa. Inaingia chini ya kucha, inalala nawe, inaamka nawe. Tuliingia chumba cha komite kama tulivyo.

Madirisha yalifunguliwa haraka. Mama Prezida alikuwa mezani, leso puani.

"Kwanza," akasema, "bageni batoke inje, bamama ba hapa baamue."

Hakuna aliyetoka. Alitungoja. Sisi tuna uzoefu mkubwa wa kungoja, tukamngoja naye. Mwisho akaendelea kana kwamba hakusema kitu. Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema bonde ni la watoto wa kesho, kwamba siku moja patajengwa shule pale, kwamba leo ni mihogo na kesho itakuwa nguruwe. Marafiki zake walitikisa vichwa. Kisha akasema wanaotaka bonde lifungwe wanyooshe mkono. Mikono ilinyooka ya upande wake, safi, saa za mkononi mbili tatu ziking'aa. Akaihesabu kwa kidole, taratibu, kwa sauti.

"Benye kutaka baloweke?"

Tulinyoosha. Yaya alinyoosha miwili, nikamshusha mmoja. Mke wa mwalimu alinyoosha, akiangalia chini. Shemeji yake akafuata, kisha fundi cherehani, kisha yule wa mafuta ya taa, na wengine ambao sikujua hata kama walikuja bondeni nikiwa nimesinzia kwenye ndoo yangu. Mikono yote ilikuwa myeupe kwa wanga wa muhogo, imekunjamana kwa maji, na chumba kilijaa harufu ile mpaka ungeweza kujua nani amenyoosha na macho umefumba.

"Sawa, nimeona," akasema Mama Prezida. "Mushushe."

Wengine walianza kushusha.

"Musishushe," nikasema. Nilikuwa nimesimama, sijui tangu saa ngapi. "Ile ingine ulihesabu, mama. Na hii uhesabu."

"Nimeona, nasema."

"Kuona haiko kuhesabu."

Alinitazama, kisha akamtazama mke wa mwalimu, ambaye mkono wake ulikuwa bado uko juu. Akainua kidole. Alihesabu kupitia leso, polepole kuliko mara ya kwanza, akasimama kwenye mikono ya watu wa mji mmojammoja kama mtu anayeonja mchuzi uliomshinda. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Tulimngoja. Mkono wangu uliuma mpaka begani, kwani haukuzoea.

Akaketi. Akasema kitu kwa sauti ndogo sana, ndani ya leso.

"Unasema, mama?" nikauliza.

"Nasema, baloweke."

"Huku nyuma hatusikie."

Nilikuwa nimesikia vizuri kabisa, hata mara ya kwanza.